Shida Ikiingia Sokoni

Mwaka 1991 nilikuwa na meza nje ya posta, Tanga, chini ya mkungu, na taipureta ya Olympia ambayo herufi yake ya "k" haikugonga mpaka uibonyeze kwa nguvu. Nilikuwa na umri wa miaka 24. Ukurasa mmoja nilichapa kwa shilingi 50, na aliyetaka nakala aliongeza 20 za kaboni. Waliokuja kuandikiwa hati za kuuziana shamba au barua za posa walikuwa wachache. Wengi walileta shida. Walikaa kwenye kigoda changu, wakapangusa jasho, wakaanza kueleza, na kazi yangu ilikuwa kuyafanya maelezo yale yaenee kwenye ukurasa mmoja wenye "YAH:" katikati, mstari chini yake, na "Wako mtiifu" mwishoni.

Siku moja alikuja mama mmoja kutoka kambi ya mkonge upande wa Korogwe. Mumewe aliletwa Tanga zamani kama manamba, akakata mkonge zaidi ya miaka 20, akafariki kabla hajalipwa kiinua mgongo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Niandikie, wanihurumie."

Alisimulia karibu saa nzima. Alianza mbali, kwao alikozaliwa, akaja kwenye ndoa, akaja kwenye safari ya lori, akaja kwenye watoto. Hivyo ndivyo watu wanavyosimulia: kwa mpangilio wa maisha yalivyokuja. Ofisi haitaki hivyo. Ofisi inataka jambo liwe juu, kwenye "YAH:", na mengine yafuate kwa ufupi. Nami kwa miaka mitatu ya kazi ile nilikuwa nimejifunza kanuni moja niliyoiamini sana, kwamba katika shida zote alizonazo mtu, iliyo nzito kuliko zote iwekwe mwanzoni. Nikaichagua katika maelezo yake, nikaiweka mstari wa tatu. Nilipomsomea, alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipofika mstari wa tatu alinyoosha mkono akafunika karatasi kwa kiganja.

"Hilo litoe."

"Mama, hilo ndilo litakalowagusa."

"Najua. Litoe."

Taipureta haina njia ya kutoa mstari bila kuacha kidonda kwenye karatasi. Nilichapa ukurasa mzima upya. Mstari ule ulisema nini, sitaandika hapa.

Tangu siku ile jambo hilo halijaniachia. Nilianza kwenda maktaba ya mkoa nikimaliza kazi, na baadaye popote nilipopata kitabu, nikitafuta watu wa zamani waliokaa kwenye kigoda kama kile: watu wa kawaida waliolazimika kuitoa shida yao nje na kuiweka mbele ya mwenye fedha. Nilitaka kujua walisema nini na nani aliwaandikia. Nilitaka kujua bei ilikuwa ngapi na nani aliipokea. Na zaidi ya yote, nilitaka kujua ni nini walichokataa kukitoa.

Wenzangu wa kwanza niliwakuta London. Katikati ya karne ya 19 mwandishi wa magazeti Henry Mayhew alizunguka mitaa ya jiji lile akiwahoji wauza mitumba, wafagia njia, makahaba na ombaomba, na mwaka 1851 kazi yake ikatoka kama kitabu kinachoitwa *London Labour and the London Poor*. Humo ameeleza waandishi waliowaandikia watu barua za kuombea msaada, na akaweka hata orodha ya bei zao. Barua ya kawaida ilikuwa peni 6. Ombi rasmi lilikuwa shilingi 1. Ombi lenye saini za kughushi za waheshimiwa, wanaodai kwamba wanamfahamu mwombaji na shida yake ni ya kweli, lilifika shilingi 2 na peni 6. Niliposoma orodha ile nilisimama nikatoka nje kwanza. Ilikuwa kazi yangu ile ile, kwa hesabu ile ile ya ukurasa, na kishawishi kile kile. Maana wapo walioniomba mimi pia niweke jina la mwenyekiti wa mtaa bila mwenyekiti kujua, na wapo ambao walikuwa na shida ya kweli kabisa lakini hawakuwa na mtu wa kuwathibitishia.

Ombaomba walikuwa wengi kiasi kwamba tangu mwaka 1818 London ilikuwa na chama kizima cha kupambana na ombaomba, chenye watu waliotumwa kwenda nyumbani kwa mwombaji kukagua kama anayoyasema ni kweli. Tajiri akipokea barua ya shida aliipeleka kwao. Wao walienda kuangalia kitanda, wakahesabu watoto, wakauliza majirani. Maskini wa kweli alijikuta katika mtihani mgumu: akiandika kwa ufasaha sana anashukiwa kuwa tapeli, akiandika vibaya hasomwi.

Lakini kabla ya hapo kulikuwa na barua za aina nyingine, na hizo ndizo ninazozipenda. Kwa sheria ya zamani ya Uingereza, iliyodumu mpaka mwaka 1834, kila maskini alikuwa na parokia yake, ile iliyowajibika kumsaidia akiugua au akikosa kazi. Mtu aliyehamia mbali kutafuta riziki aliendelea kuwa mzigo wa parokia ya kwao. Basi akikwama alichukua karatasi na kumwandikia msimamizi wa maskini wa nyumbani. Mamia ya barua hizo zimehifadhiwa, nyingi kutoka jimbo la Essex, zimeandikwa na vibarua, mafundi viatu na wajane, watu wanaoandika neno kama wanavyolisikia, bila nukta wala aya. Na wana akili ya ajabu. Hawaombi huruma tu. Wanamkumbusha msimamizi hesabu: nitumieni shilingi chache za kodi ya pango sasa hivi, la sivyo nitalazimika kurudi nyumbani na familia yangu yote, na hapo mtatulisha, mtatuvisha na mtatutafutia pa kulala. Parokia ilijua maana yake. Kutuma shilingi chache kulikuwa nafuu. Tena siku hizo, kabla ya mwaka 1840, aliyepokea barua ndiye kwa kawaida aliyelipia posta, kwa hiyo yule msimamizi alitoa fedha kwanza ili aombwe fedha.

Huku kwetu ningewaonyesha vijana wanaoandika barua za maombi barua zile ili wajifunze. Mwombaji anayejua haki yake iko wapi hahitaji kujidhalilisha. Anaeleza, anadai, anatia saini.

Aliyekosa parokia alilazimika kuubeba ushahidi wake barabarani. Mwaka 1817 kilitoka kitabu cha michoro ya ombaomba wa London, na mmoja wao ni Joseph Johnson, baharia Mweusi. Alikuwa ameumia kazini, lakini kwa kuwa alitumikia meli za biashara na si za vita, hakustahili pensheni ya mabaharia, na kwa kuwa hakuzaliwa Uingereza hakuwa na parokia ya kumlea. Alichofanya ni kuunda mfano wa jahazi lenye matanga, akaufunga juu ya kofia yake. Aliimba nyimbo za mabaharia mitaani akitembelea mkongojo, na kila alipoinamisha kichwa na kukiinua, jahazi lile lilipanda na kushuka kama liko mawimbini, hasa akipita chini ya dirisha ambako watu wa ndani waliona matanga tu yakipita. Sina haja ya kuambiwa alipoteza nini baharini. Hakusimulia kidonda. Alisimulia bahari, akapewa shilingi zake, akaenda.

Nirudi kwa Mayhew kidogo, kwa sababu kuna mtoto mmoja katika kitabu chake ambaye sijaweza kumsahau. Ni msichana wa miaka minane aliyeuza mboga za majani za mtoni mitaani, vifungu vinne kwa peni moja. Mayhew alimsikiliza, akashangaa mtoto anayezungumzia njaa na baridi kama mtu mzima, akayaandika aliyoyasema kwa maneno ya mtoto mwenyewe. Kazi ile iliuzwa kwa vipande kila wiki, kila kipande peni 2. Nimepiga hesabu: ilimpasa msichana yule auze vifungu vinane vya mboga ili aweze kununua karatasi zenye kisa chake mwenyewe. Simlaumu Mayhew, kwa kuwa bila yeye tusingemjua mtoto yule kabisa. Ila hesabu ni hesabu, na mimi nimekaa upande wa meza wenye taipureta, najua nani alitoka pale na kitu mkononi.

Sasa nije pwani yetu, maana hapa ndipo jambo hili linaponiuma.

Miaka ya 1860 mapadri Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa na misheni Unguja, kabla ya kufungua ile ya Bagamoyo mwaka 1868. Huko Unguja alifikishwa kwao binti mmoja Myao anayeitwa Swema. Kisa chake, kama kilivyoandikwa, kinaanza na deni la nafaka. Baba alikuwa amefariki, mama hakuweza kulipa, mdai akamchukua mtoto na kumuuza kwa msafara uliokuwa ukishuka pwani. Mama aliufuata msafara ule kwa miguu ili asiachane na mwanawe, mpaka nguvu zikamwishia njiani. Swema alifika Unguja akiwa taabani, hana thamani ya kuuzwa, wakamviringisha mkekani wakamzika katika kaburi la juu juu akiwa bado anapumua. Kijana mmoja kutoka kisiwa cha Réunion alisikia sauti, akafukua, akampeleka kwa masista.

Padri Horner wa misheni ile alikiandika kisa kile kwa Kifaransa. Mwaka 1870 kikatoka Ufaransa kama kitabu chenye jina linalomtaja mtumwa mdogo wa Afrika aliyezikwa hai, nacho kilielekezwa kwa wasichana Wakristo. Siku hizo kulikuwa na chama ambacho watoto Wakatoliki wa Ulaya walikitolea sarafu kila mwezi kwa ajili ya kuwaokoa watoto wa mbali, na sarafu hizo zilisaidia kulisha watoto wa misheni ya Unguja na Bagamoyo. Kisa cha Swema kilikuwa na kazi hiyo. Kililisha watu. Ukienda leo Bagamoyo ukasimama chini ya mibuyu na miembe ya misheni ile, unasimama mahali ambapo baadhi ya fedha zake zilitokana na machozi ya msomaji wa Ufaransa.

Soma kisa chenyewe uone kilivyopangwa. Mwishoni Swema, ambaye sasa anahudumia wagonjwa kwa masista, analetewa Mwarabu aliyejeruhiwa, na akimtazama anamtambua: ndiye yule mwenye msafara. Anapigana na moyo wake, anasali, anamsamehe, anamfunga vidonda. Inawezekana ilikuwa hivyo. Mimi sikuwepo. Lakini nimechapa barua nyingi kiasi cha kuutambua mstari ambao mnunuzi alikuwa anausubiri. Msomaji wa Ufaransa alitaka sarafu yake izae msamaha, na kisa kikampa msamaha. Ninachokitafuta mimi katika kurasa zile ni yale mambo madogo ambayo padri asingeweza kuyabuni: nafaka iliyokopwa, mdai anayesubiri, mama anayetembea nyuma ya msafara. Hapo nasikia sauti ya binti wa Kiyao. Kwingine nasikia kalamu ya padri.

Miaka 17 baadaye, mwaka 1887, kilitoka London kitabu kingine, *Kiungani*, kikibeba jina la shule ya wamisionari Waanglikana iliyokuwa nje kidogo ya mji wa Unguja. Wavulana wa shule ile, wengi wao wametolewa kwenye majahazi ya watumwa, waliombwa waandike walikotoka na walivyofika. Wakaandika. Na waliandika kwa Kiswahili, lugha waliyoikuta pwani na kuifanya yao, kisha A. C. Madan, yule yule aliyetutungia kamusi, akayafasiri maandishi yao kwa Kiingereza. Humo kuna vijana wa Kiyao, wa Kimakua, wa upande wa Nyasa na kwingineko. Huko Uingereza makanisa na shule za Jumapili zilichangia malezi ya watoto wa misheni, na mtu anayechangia anapenda kujua anamlea nani. Kwa hiyo kisa kilisafiri kwenda, fedha zikasafiri kuja.

Hebu fikiria dawati lile la Kiungani. Kijana wa miaka 15 au 16, kalamu ya kuchovya, wino, na swali: ulitekwaje? Hakuna aliyemuuliza kama anataka kukumbuka. Hata hivyo kuna jambo moja linalonifariji, nalo ni kwamba alishika kalamu mwenyewe. Swema alikuwa na padri kati yake na karatasi. Huyu alikuwa na karatasi. Angeweza kuruka jambo na mwalimu asijue limerukwa.

Na ilichukua karibu miaka 50 mingine mpaka habari hizi zikauzwa kwa watu wa hapa hapa. Mwaka 1934 James Mbotela, mtoto wa familia ya watumwa walioachwa huru wa Freretown, Mombasa, alitoa *Uhuru wa Watumwa*. Kitabu kidogo, Kiswahili, kikasomwa shuleni kwa miaka mingi. Wapo wanaomlaumu kwamba aliwasifu mno Waingereza, na lawama hiyo ina msingi. Lakini alikuwa anawasimulia jirani zake habari za wazee wake, kwa lugha ambayo wazee wale wangeweza kusomewa jioni barazani na kusema: hapana, hapo haikuwa hivyo. Hicho ndicho kipimo ambacho kitabu cha Swema hakikuwahi kukipitia.

Katika visa vya utumwa wa Atlantiki ndimo nilimokuta watu walioshika soko lao wenyewe. Olaudah Equiano alijinunua mwaka 1766 kwa pauni 40 alizozikusanya kwa biashara ndogondogo za kubeba bidhaa kisiwa hadi kisiwa. Mwaka 1789, akiwa London, alitoa kitabu cha maisha yake kwa njia ya watu kujiandikisha na kutoa fedha kabla hakijachapwa. Orodha ya waliojiandikisha ilikuwa na majina 311, la kwanza likiwa la mrithi wa kiti cha ufalme, naye akaichapa orodha yenyewe mbele ya kitabu. Haki ya kitabu hakumuuzia mchapishaji, ilibaki yake. Alizunguka Uingereza, Scotland na Ireland akikiuza mkononi, na kufikia mwaka 1794 kilikuwa kimetolewa mara tisa. Gazeti moja lilipodai kwamba hakuzaliwa Afrika, alikusanya barua za wanaomfahamu akazichapa katika matoleo yaliyofuata. Binti yake aliyebaki hai alirithi pauni 950. Sijui kisa kingine cha zamani cha mtumwa ambacho fedha zake zinaweza kufuatwa hivi mpaka mkononi mwa mtoto wa msimulizi.

Sojourner Truth hakujua kusoma wala kuandika. Alizaliwa mtumwa katika jimbo la New York, akizungumza Kidachi utotoni. Alimsimulia maisha yake rafiki yake Olive Gilbert, mwaka 1850 kitabu kikachapwa kwa deni, naye akawa anakiuza mwenyewe kila alipohutubia ili alipe deni hilo na nyumba yake. Baadaye aliuza picha zake, kadi ndogo za kupigwa studio, na mwaka 1864 akasajili haki ya picha hizo kwa jina lake mwenyewe, mwanamke aliyewahi kuuzwa mnadani pamoja na kondoo. Chini ya picha aliandikisha kwamba anauza kivuli ili kiutunze mwili. Na tazama alivyojipanga: hakukaa amevaa matambara wala kuonyesha makovu. Amevaa shali nyeupe na miwani, kazi yake ya kufuma iko mapajani.

Picha ile inanikumbusha shangazi yangu. Nyumba yake ilianguka wakati wa masika, na baada ya wiki walikuja wageni wenye kamera. Shangazi aliposikia kuna wageni alioga, akafungua sanduku, akajifunga doti mpya ya kanga. Wakamwomba, kwa upole, avae ile ya zamani. Akavaa. Alipewa blanketi na unga kilo tano, na picha hatukuiona mpaka mwaka uliofuata, nilipoikuta kwenye kalenda ukutani katika ofisi nilikopeleka barua ya mtu. Alikuwa Machi. Shangazi alipoambiwa hakuuliza habari za fedha. Aliuliza: "Na kanga ni ipi?"

Katika kusoma kwangu kote, walionifunza zaidi ni wale waliojua kunyamaza. Frederick Douglass, mtumwa aliyetoroka huko Marekani, alitoa kitabu chake mwaka 1845 kwa sababu watu walianza kusema mtu anayezungumza vizuri namna ile hawezi kuwa aliwahi kuwa mtumwa. Akataja kila kitu, majina ya mabwana, mashamba, wilaya, mpaka ikabidi akimbilie Uingereza asije akakamatwa. Lakini jambo moja, ambalo kila msomaji alilitaka kuliko yote, hakulitaja: alitorokaje. Alisema wazi kwamba akieleza, atawafungia njia walioko nyuma yake. Hakuiandika siri hiyo mpaka mwaka 1881, utumwa ukiwa umeshakwisha Marekani kwa miaka 16.

Kwamba alikuwa na haki, tazama yaliyotokea mwaka 1849. Henry Brown, mtumwa wa Richmond, alijifungia katika sanduku la mbao lenye urefu wa kama futi tatu, akatumwa kama mzigo mpaka Philadelphia, safari ya saa 27, sehemu yake akiwa kichwa chini. Kisa kilikuwa kitamu mno. Kiliandikwa, kikaimbwa, kikachorwa kwenye turubai refu lililozungushwa mbele ya watazamaji wanaolipa kiingilio, na Brown akaishi kwa kisa hicho, Marekani na kisha Uingereza. Sina neno la kumlaumu. Alikuwa ameuziwa mke na watoto wake, na kisa ndicho pekee alichobaki nacho. Lakini aliyemgongomea sanduku, Samuel Smith, alipojaribu kuwatuma wengine kwa njia ile ile alikamatwa, akafungwa miaka. Njia ilikuwa imeshajulikana.

Na Sojourner Truth naye, pamoja na ukarimu wake wote jukwaani, alikuwa na mambo aliyokataa kuyatia kitabuni. Olive Gilbert anakiri humo humo kwamba kuna mabaya yaliyompata ambayo hayatasimuliwa. Mahali hapo katika kitabu pako wazi. Unapasoma ukijua kuna kitu kimetolewa na mwenyewe. Nilipofika ukurasa ule nilimwona yule mama wa mkonge, kiganja juu ya karatasi yangu.

Nilipomaliza kuchapa upya, nilimsomea tena. Barua ilikuwa imebaki na tarehe mumewe alipoanza kazi, namba yake ya kazi, miaka aliyokata, mwezi aliofariki, na kiasi anachodai. Akasikiliza mpaka "Wako mtiifu." Akasema hapo sawa. Akaweka dole gumba kwenye wino, akagandamiza chini ya jina lake. Ule ukurasa wa kwanza nikauchana mbele yake vipande vinne, pamoja na nakala yake, nikavitia mkononi mwake kwa kuwa aliunyoosha avichukue.

Alilipa. Akainuka. Kisha akasimama akiitazama meza yangu, pale nilipokuwa nimeweka karatasi ya kaboni, ile niliyotumia mara ya kwanza. Ilikuwa mpya asubuhi hiyo. Kaboni mpya ikitumika mara moja inabaki na kila herufi, na ukiinyanyua kwenye jua unasoma barua yote, kama alama za nyayo kwenye tope.

Hakujua kusoma, lakini alikuwa ameniangalia saa nzima nikiitia na kuitoa.

"Na hiyo nyeusi je, baba?"

Nikampa. Aliikunja mara mbili, akaifunga kwenye pindo la kanga pamoja na nauli, na vidole vyake vikatoka na weusi ule. Akaenda kusubiri basi la Korogwe.